Ngano Juu ya Ngano

Wageningen, 14 Agosti 1994

Kaka Eppo,

Salamu kwako na kwa wifi Geesje. Huku tu wazima. Joost mgongo umemwachia kidogo, siku hizi anainama mwenyewe kufunga kamba za viatu. Merel ametuambia Jumapili iliyopita kwamba ni mjamzito, kwa hiyo panapo majaliwa mwakani utapata mjukuu wa kumrithisha ukali wako. Natumaini mavuno yanakwenda vizuri na kwamba Mama hajambo pale Winschoten. Mwambie nitakuja kumwona kazi ikipungua.

Nimekupigia simu mara mbili na mara mbili umenikatia. Basi naandika. Barua huwezi kuikata sentensi ikiwa katikati.

Binamu Luppo ameniambia kwamba Shamba la Nyuma unataka kulivunja na kupanda kanola ya mafuta. Niambie ni porojo za Luppo.

Wewe unajua kuliko mimi kinachotokea ngano ikipandwa juu ya ngano. Mwaka wa tatu au wa nne anaingia muua-mabua. Ile kuvu inakula mizizi mpaka inakuwa myeusi kama utambi, masuke yanageuka meupe kabla ya wakati wake, ukiyafikicha ndani hamna kitu. Ndiyo maana kila mkulima hubadilisha mazao. Lakini Baba alipanda ngano pale tangu mwaka 1947 na hakubadilisha hata mara moja. Kwa hesabu zote shamba lile lilipaswa kuwa kaburi. Sasa mbona ukiing'oa ngano yake leo mizizi ni myeupe?

Nimeshajua kwa nini, kaka. Nimeuchunguza udongo wa pale hapa chuoni miaka sita. Kuna bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya mzizi, wanakula kile mzizi unachokivuja, na wao wenyewe wanatoa kitu kinachoizuia kuvu isikue. Waliongezeka katika miaka ileile ambayo shamba lilikuwa linaumwa. Ugonjwa ndio uliowaita. Ukiondoa ngano ukaweka kanola, watapungua kama wageni shughuli ikiisha. Mimi bado sijamaliza kuwachambua, na sijui ni yupi kati yao anayefanya kazi kubwa.

Naomba miaka miwili tu. Panda ngano miaka miwili, kisha panda hata mibaruti ukitaka.

Mdogo wako,
Hilje


Finsterwolde, 11 Septemba 1994

Hilje,

Salamu zimefika. Geesje naye anasalimu, ana mafua. Mwambie Merel hongera. Mama hajambo, ananipiga karata kila Jumapili na anaiba. Kuhusu wewe kuja kazi ikipungua, sijamwambia. Nimemwambia hivyo tangu alipohamia pale na sasa nikifungua mdomo tu anamalizia mwenyewe.

Barua yako imenikuta nimeshapanda. Kanola imeota, imepanga mistari vizuri. Ukisimama barabarani unaiona.

Sasa na mimi niseme. Nilikuwa kwenye trekta na redio imewashwa, nikakusikia kwenye kile kipindi cha wakulima. "Baba yangu alikuwa na hekima ya udongo." Nilizima injini nisikie vizuri. "Alijua kwamba udongo ukiachwa utajiponya wenyewe." Hilje, nilicheka mpaka nikajikuta sicheki tena.

Baba hakujua chochote. Baba alikuwa na kichwa kigumu. Wewe ulizaliwa mwaka 1946. Ile miaka ambayo masuke yalikuwa meupe, wewe ulikuwa unacheza na paka chini ya meza. Mimi nilikuwa shambani. Mimi ndiye niliyevuna mabua matupu. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimeshapata nafasi shule ya sekondari Winschoten, mwalimu amenipa na atlasi yake kabisa, halafu Baba akaniambia mezani, bila hata kuniangalia, "Kesho hubebi mkoba. Utabaki hapa." Kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya lile shamba lenye ugonjwa, ambalo mtu mwenye akili angelipanda maharage na mambo yakaisha.

Wewe ukaenda shule. Ukaenda chuo. Sasa unarudi kuniambia kwamba ule ukaidi ulikuwa sayansi.

Mama alipoingia nyumba ya wazee alinitilia saini mashamba yote. Siku ileile nilijua nitafanya nini na Shamba la Nyuma. Nimengoja zaidi ya miaka arobaini kulima kitu kingine mle ndani. Vidudu vyako vitafute shamba jingine.

Eppo


Wageningen, 2 Oktoba 1994

Kaka Eppo,

Wifi apone haraka, anywe kitu cha moto. Sisi tu wazima, asante kwa kuuliza, ingawa hukuuliza.

Nimekasirika na sitajifanya sijakasirika. Mtu akikuudhi unamkasirikia yeye, huendi kumchomea ghala. Baba amezikwa tangu mwaka 1981. Uliyemwadhibu ni udongo.

Na usinieleze habari za miaka ile kana kwamba mimi sikuishi nyumba ile. Namkumbuka Baba jioni, ameshika donge la udongo wa Shamba la Nyuma, analivunja kwa kidole gumba, ananiambia, "Huu unanijua, Hilje." Mimi nilikuwa na miaka minane na nikamwamini. Kila nilichosoma baadaye kilianzia kwenye donge lile. Wewe unakumbuka mkoba wako, mimi nakumbuka mkono wake. Yupi kati yetu anadanganya?

Kwa kuwa kanola imeshaota, nina ombi dogo zaidi. Niruhusu nije nichukue udongo kabla baridi haijaingia, maana bakteria bado wako mle, hawaondoki wote kwa mwezi mmoja. Nahitaji ndoo kadhaa tu. Hutapungukiwa na kitu. Nitakuja na wanafunzi wawili, tutachimba pembeni, tutafukia.

Nijibu upesi, tafadhali. Hili sikuandikii kama dada yako, nakuandikia kama mtu mwenye kazi.

Hilje


Finsterwolde, 6 Novemba 1994

Hilje,

Geesje amepona. Mama amepata miwani mipya na sasa anaona karata zangu.

Sikukujibu kwa sababu jibu lilikuwa hapana, na hapana haihitaji stempu. Kumbe kwa watu wa chuo kunyamaza ni ndiyo.

Alhamisi iliyopita nilikwenda Beerta kwenye mazishi ya mzee Boelens. Nimerudi, nimevua koti la msiba, nimekwenda kuangalia mifereji, nakuta mashimo. Mashimo mazuri, ya mraba, yamepangwa kama makaburi ya sungura. Kanola imeng'olewa na kulazwa pembeni kwa adabu. Na nyayo za jozi tatu za mabuti, moja ndogo. Naujua mguu wako, Hilje, ulikuwa unavaa viatu vyangu vya zamani.

Luppo aliwaona. Nikamuuliza, "Hukuwaambia kitu?" Akasema, "Nilidhani umewaruhusu. Dada yako alinipungia mkono." Ulimpungia mkono! Mwizi wa kuku angalau huinama.

Sasa sikiliza, udongo haukuniuma sana. Kutoka kwenye mashimo yale mpaka anapoishi Mama ni dakika kumi kwa gari. Ulitoka Wageningen, ukavuka nchi nzima, ukajaza ndoo zako, ukageuza gari. Hukupita Winschoten. Mama alikuwa ameketi dirishani kama kawaida yake. Watu wengine hapa wamebaki na wazazi wao wakawaosha na kuwalisha, hawakuwageuza hadithi za redioni. Asiyekuwapo na lake halipo, na wewe hukuwapo.

Ukikanyaga tena bila kugonga mlango, nitamwita polisi wa kijiji, na unajua ni mtoto wa Luppo, atafurahi kupata kazi.

Eppo


Wageningen, 8 Januari 1995

Kaka Eppo na wifi Geesje,

Heri ya mwaka mpya. Merel ametanuka kama tenga, mtoto anatarajiwa Machi. Joost alianguka kwenye barafu mbele ya kanisa lakini hakuvunjika kitu, ila heshima.

Ndiyo, nilichukua. Sitaomba radhi kwa udongo. Kuhusu Mama ulisema kweli.

Lakini ujue nilichokipata, hata kama utaitupa barua hii jikoni. Kati ya bakteria wote tuliowatenga kutoka mashimo yale, kuna mmoja. Tunampaka kwenye mbegu za ngano, anakauka juu yake kama vumbi, hawezi kuonekana. Tunapanda mbegu hizo kwenye vyungu vyenye muua-mabua mwingi kuliko shamba lolote lililowahi kuugua. Vyungu visivyo na bakteria, mizizi yote ni makaa. Vyungu vyenye bakteria, mizizi inang'aa. Nimeirudia kazi hii nikiwa sijiamini, matokeo ni yaleyale.

Vyungu si shamba, najua kabla hujaniambia. Shambani kuna mvua, kuna ukame, kuna bakteria wengine wanaogombania mzizi huohuo. Mwaka mmoja inaweza kukubali na mwaka wa pili ikakataa. Ndiyo maana nataka kumjaribu kwenye udongo wa kwetu. Wewe una Shamba la Mbele, ngano yako pale sasa inaingia mwaka wa tatu. Nakuonya, ni mwaka mbaya. Msimu ujao nipe pembe moja tu ya lile shamba.

Na muulize Mama. Uniamini usiniamini mimi, muulize yeye Baba alikuwa mtu wa aina gani kwenye shamba lile. Alilala naye kitanda kimoja miaka yote ile. Msomee barua hii. Kisha uniandikie alichosema.

Hilje


Finsterwolde, 23 Aprili 1995

Hilje,

Hongera kwa mjukuu. Geesje amemfumia kofia, inakuja na posta. Fenna ni jina zuri.

Nilimsomea Mama barua yako siku ya Pasaka. Alisikiliza yote. Hakuwa na la kusema.

Kanola inachanua, njano tupu mpaka kwenye tuta la mfereji. Watu wanasimamisha magari kupiga picha.

Pembe ya Shamba la Mbele sikupi.

Eppo


Wageningen, 2 Julai 1995

Eppo,

Safari hii sikusalimu.

Nimetoka Winschoten. Nilikwenda na Merel na mtoto, nikaketi dirishani na Mama kutwa nzima. Najua ungefurahi kunichukia hata kwa hilo, kwamba nimechelewa. Sawa, nimechelewa.

Nilimweka Fenna mapajani kwake. Akamwangalia, akasema, "Ameshiba huyu?" Halafu akaniuliza habari za kazi. Nikaanza kumweleza kuhusu Baba na Shamba la Nyuma, jinsi alivyovumilia mpaka udongo ukapona. Mama akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto anayekula sabuni.

"Baba yako? Baba yako alijua nguruwe, mwanangu."

Nikasema, "Lakini Mama, ngano ya Shamba la Nyuma..."

"Ngano ilikuwa yangu. Shamba lile nililitoa kwa baba yangu, nilikuja nalo kwa Derk baba yenu. Derk akataka shayiri mle, ya nguruwe wake. Nikamwambia, humu itaota ngano, na ngano nitaipeleka mimi mwenyewe kinuni. Mwaka wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Wa tatu masuke meupe. Derk akasimama pale kwenye ukingo wa mfereji, mikono mfukoni, akacheka. Weee! Laiti asingecheka, labda mwaka uliofuata ningepanda maharage."

Kwa hiyo alipanda tena. Na tena. Miaka minne ya masuke meupe, kwa sababu mtu alicheka. Halafu mwaka mmoja ngano ikasimama nzima na hakuna aliyejua kwa nini, Mama akiwemo. "Nilidhani Mungu amemchoka Derk," akasema. Na Baba, yeye akaanza kwenda kilabuni kuwaambia watu jinsi alivyoutuliza udongo wake! Mama akamwacha aseme. Kwa nini? "Kwa sababu tangu siku ile aliacha kuniomba shayiri."

Nilicheka, Eppo. Merel alicheka mpaka mtoto akalia. Kisha Mama akasema, huku anatafuta miwani yake, "Si nilimwambia Eppo siku ya Pasaka? Hakukuambia?"

"Hakuwa na la kusema." Hivyo ndivyo ulivyoniandikia.

Unajua nilichokifanya mwezi wa Mei. Nilisimama mbele ya wakulima wa wilaya nzima ya Oldambt, ukumbini, nikaonyesha picha ya Baba kwenye kitambaa cheupe, kubwa kama mlango wa ghala, nikasema huyu ndiye mtu aliyesubiri. Nilikuona. Ulikuwa mstari wa nyuma, kofia magotini. Nilipokuona moyo ulinipanda, nikasema moyoni, amekuja, kaka yangu amekuja. Nikaongea vizuri zaidi kwa ajili yako. Na wewe ulikaa pale, unajua, unaniangalia nikitembea na suruali imechanika nyuma. Ukavaa kofia ukaondoka kabla ya kahawa.

Umenifanya mwongo mbele ya watu wa kwetu. Nilichukua udongo wako, ndiyo, nitakubali neno mwizi. Lakini mimi nilikuibia ukiwa hupo. Wewe umeniibia nikikutazama usoni.

Nilipita pia Shamba la Mbele. Nililiona kutoka barabarani. Masuke meupe katikati ya kijani, mabaka kwa mabaka. Mwaka wa tatu, kama nilivyokuambia. Hilo nalo hukuandika.

Hilje


Wageningen, 20 Agosti 1995

Kaka,

Geesje amenipigia simu. Alinong'ona, nadhani ulikuwa ghalani. Amesema huendi tena Winschoten siku za Jumapili. Amesema tangu Pasaka unakwenda, unamwekea Mama matunda mezani, unarudi bila kuvua koti, na sasa hata hilo umeacha. Mama anawaambia wauguzi kwamba una kazi nyingi.

Kama ni kwa ajili yangu, nitukane mimi. Barua zangu zichome. Mama hana kosa lolote. Yeye amesema ukweli tu.

Kuna nini?

Hilje


Finsterwolde, 1 Oktoba 1995

Hilje,

Geesje anasalimu, na nimemwambia akitaka kunong'ona asisimame karibu na dirisha la ghala. Kanola ilitoa vizuri, si ajabu, si haba. Shamba la Mbele nimevuna nusu ya mwaka jana, na hiyo nusu ni nyepesi kama makapi. Haya, umeshasoma, furahi kwanza halafu endelea.

Unasema Mama hana kosa. Nitakueleza mara moja, na usinirudishie neno juu ya jambo hili.

Siku ya Pasaka nilimsomea barua yako kwa nia mbaya. Nilitaka aseme kwa mdomo wake kwamba Baba alikuwa punda, nikuandikie, uumie. Alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia. Akanisimulia kama alivyokusimulia wewe, mfereji, mikono mfukoni, kila kitu. Mimi nikawa nacheka naye. Nikasema, "Kumbe Baba alinitoa shule kwa shamba ambalo hata si lake!"

Akaacha kucheka. Akasema, "Derk hakukutoa shule."

Nikasema, "Mama, nilikuwepo. Tulikuwa tunakula maharage. Alisema, kesho hubebi mkoba."

"Alisema, ndiyo. Mimi ndiye niliyemwambia aseme. Yeye hakutaka. Aliniambia kichwa cha mtoto huyu ni cha shule, Trientje, muache aende. Wiki nzima tuligombana chumbani. Mwishowe nikamwambia, basi mwambie wewe, wewe ndiye baba yake."

Ndiyo maana hakuniangalia, Hilje. Miaka yote ile nilidhani hakuniangalia kwa sababu sikuwa na maana kwake.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukuajiri mtu?" Niliuliza polepole.

Akasema, "Mtu wa kuajiriwa angemsikiliza baba yako."

Hakuomba msamaha. Hakujua kwamba kuna kitu cha kuombea msamaha. Aliniuliza kama kwenye kopo kuna keki imebaki, na kama wiki ijayo nitaleta ile yenye tangawizi.

Nilimchukia Baba kuanzia chakula kile cha usiku mpaka siku nilipobeba jeneza lake begani, na hata baada ya hapo. Alipokuwa mgonjwa aliniita kitandani akataka kusema kitu, nikamwambia ng'ombe wanangoja. Hatukuwa na ng'ombe mwaka ule, yeye mwenyewe alikuwa ameshawauza.

Sasa unaniuliza kwa nini sikusimama ukumbini nikasema. Niseme nini? Kwa watu wale, kofia mkononi? Unadhani nilikuja kukuangalia ukichekwa. Sikuja kwa hilo. Luppo aliniambia utaonyesha picha ya Baba na utamsifu mbele ya watu, na mimi maishani mwangu sijawahi kumsikia mtu akimsifu bila kutaka kutoka nje. Nilitaka nikae mara moja nisikie. Nikakaa. Ulisema vizuri. Ulipofika kwenye habari ya donge la udongo nilivaa kofia, kwa sababu hata kwenye mstari wa nyuma kuna taa, na macho yanaonekana.

Kwa hiyo, ndiyo, nilikunyamazia. Na ningenyamaza tena.

Kwa Mama nimerudi. Jumapili tatu sikwenda, ya nne nilikwenda. Nilimpelekea ile ya tangawizi. Hatukuongea juu ya jambo hilo. Nilimshinda karata kwa mara ya kwanza tangu apate miwani, akasema nimeiba, na kweli niliiba.

Sasa kazi. Shamba la Nyuma linarudi ngano. Usidhani umenishawishi. Nimeshalima kitu kingine mle kama nilivyotaka, nikasimama ukingoni nikaliangalia lote lilivyokuwa njano, nikangoja nifurahi, na furaha haikuja. Leta mbegu zako zilizopakwa. Upande mmoja wa shamba uzipande hizo, upande wa pili nitapanda zangu kavu, hazina kitu. Mstari wa katikati nitauchora mimi, si wanafunzi wako. Shamba la Mbele naliacha lipumzike na maharage kwanza, lile limeugua vya kutosha, sitaligeuza chungu chako.

Unajua ninachotaka kujua? Ule upande ambao hautawekewa kitu. Nimeuvunja mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Nataka kuona kama kile kitu kitarudi chenyewe, au kikishavunjwa ni lazima kiletwe kutoka nje. Wewe usiniambie unavyodhani. Najua unalo jibu tayari, nalo lina kurasa nne. Nitang'oa mizizi mwenyewe mwezi wa sita, mwaka huu ujao na unaofuata na ule mwingine, niangalie rangi.

Na redioni ukisahihisha, nimemuuliza Mama useme nini. Akasema umtaje kwa jina, Trientje, na usiseme ilikuwa hekima, maana watamcheka wanaomjua. "Waambie ilikuwa hasira," akasema. "Hasira nayo ni mbolea."

Naanza kupanda Jumanne ya tarehe kumi, umande ukikauka. Ukifika, mtu wa kushika upande wa pili wa kamba ya kuchorea mstari atakuwepo. Usipofika, nitamfunga Luppo kwenye kigingi nipande hivyohivyo. Sitakusubiri.

Eppo